Kikulacho ki kiooni: kisa cha mwanga uliokuwa ukipotea njiani

Chukua kipande cha kioo cha dirisha ukitazame kwa bapa lake. Unaona upande wa pili bila shida, hata unaweza kusahau kwamba kipo. Sasa kisimamishe, ukitazame kwa ukingo, ili mwanga usafiri kwenye urefu wake badala ya unene. Kimegeuka kijani. Kikiwa kirefu vya kutosha, kijani hicho hukolea mpaka huoni kitu. Kioo ni kilekile. Kilichobadilika ni mwendo wa mwanga. Milimita nne zimekuwa sentimita hamsini, na kilichokuwa kimejificha humo ndani kimepata muda wa kula.

Kilichojificha ni chuma. Mchanga unaoyeyushwa kuwa kioo huja nacho kutoka ardhini, na katika kioo cha kawaida cha dirisha oksidi ya chuma hufika karibu asilimia 0.1, yaani gramu moja hivi katika kila kilo. Dirishani haina neno. Lakini mtu akitaka mwanga upite ndani ya kioo kwa kilomita nzima, gramu hiyo moja ni ukuta.

Kisa ninachokichambua ni cha watu waliotaka kilomita hiyo, ili mwanga ubebe mazungumzo ya simu ndani ya uzi wa kioo. Kilianza Uingereza katikati ya miaka ya 1960, kikahamia Marekani, kikafika Japani. Sijui kisa kingine kinachoonyesha vizuri namna hii jinsi uchafu mdogo kupita kiasi unavyotawala tabia ya kioo, wala jinsi kila hatua ya kusafisha inavyoweza kuleta uchafu wake mwenyewe. Ndiyo maana nitakifuata kwa mpangilio wake, pamoja na makosa yake.

Mita ya daktari na kilomita ya mhandisi

Nyuzi nyembamba za kioo hazikuwa jambo geni. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 madaktari walikuwa na mafungu ya nyuzi hizo ya kuchungulia ndani ya tumbo la mgonjwa. Nyuzi bora za wakati ule zilipoteza takriban desibeli 1 kwa kila mita, maana yake asilimia 79 ya mwanga ilifika mwisho wa mita ya kwanza. Kwa daktari mita moja inatosha, kwa hiyo hakuna mtengeneza kioo aliyekuwa na sababu ya kuumiza kichwa zaidi.

Hesabu ya desibeli lazima ieleweke hapa, kwa sababu bila hiyo kisa kizima hakina uzito. Desibeli 10 zikipotea, imebaki sehemu moja ya kumi ya mwanga. Zikipotea 20, imebaki sehemu moja ya mia. 30, moja ya elfu. Sasa rudi kwenye ule uzi wa desibeli 1 kwa mita. Baada ya mita 10 umebakiwa na asilimia 10. Baada ya mita 20, asilimia 1. Baada ya mita 100, sehemu moja katika bilioni kumi. Baada ya kilomita moja umepoteza desibeli 1,000, na kilichobaki ni sehemu moja katika namba inayoandikwa kwa moja ikifuatwa na sifuri mia. Hakuna taa, hakuna leza, hakuna kipokezi kitakachoziba pengo hilo. Ukiongeza nguvu ya taa mara elfu unasogea mita 30 tu.

Leza ya kwanza ilikuwa imewaka mwaka 1960, na wahandisi wa simu walikuwa na hamu kubwa ya kutumia mwanga kubeba mazungumzo. Wengi walitafuta njia ya kuupitisha hewani au ndani ya mabomba yenye lenzi. Kioo kilionekana hakifai, na ukitazama namba hizo huwezi kuwalaumu.

Huko Harlow, Uingereza, kwenye maabara ya Standard Telecommunication Laboratories, Charles Kao na mwenzake George Hockham waliligeuza swali. Makala yao ilichapishwa Julai 1966. Hockham alishughulikia zaidi upande wa uzi kama njia ya mawimbi. Kao ndiye aliyeganda kwenye kioo chenyewe. Walisema mawasiliano yangewezekana kama upotevu ungeshuka hadi desibeli 20 kwa kilomita, yaani asilimia 1 ya mwanga ifike mwisho wa kilomita. Na waliandika kwamba kiwango hicho kilitarajiwa kufikiwa kwa mwanga wenye urefu wa wimbi wa karibu mikrometa 0.6, yaani nanomita 600, kama kiasi cha chuma ndani ya kioo kingeshushwa hadi sehemu moja katika milioni.

Gramu moja ya chuma katika tani nzima ya kioo: ndilo dai lote. Ujasiri wake unaonekana vizuri zaidi ukijua kwamba wakati huo hakuna aliyekuwa na kioo ambacho upotevu wake ulikuwa umepimwa kuwa karibu na hapo.

Nani anakula?

Kao alikuwa na washukiwa watatu, na uzuri wa kazi yake ni kwamba hakumchagua yeyote kwa kubahatisha.

Wa kwanza ni kioo chenyewe. Huenda silikoni na oksijeni zinazokijenga, ambazo muungano wake huitwa silika, zina asili ya kula mwanga, na kama ni hivyo basi kazi imekwisha kabla haijaanza. Lakini elektroni za silika zimefungwa kwa nguvu; kuziinua kunahitaji nishati ya mwanga wa urujuanimno, mbali juu ya mwanga tunaouona. Upande wa pili, atomu za silikoni na oksijeni hutikisika zenyewe kwa mwendo unaofyonza mwanga wa karibu mikrometa 9, mbali chini ya mwekundu. Kati ya milima hiyo miwili kuna bonde pana, na mwanga wa leza unaangukia humo.

Wa pili ni mtawanyiko. Kioo ni kimiminika kilichoganda kabla atomu zake hazijapangika, kwa hiyo kina sehemu zilizosongamana na sehemu zilizolegea kwa kipimo kidogo mno. Mwanga hugonga tofauti hizo na kutawanyika. Hili haliondoki kwa kusafisha, lakini hupungua kwa kasi kadiri urefu wa wimbi unavyoongezeka: wimbi likiwa refu mara mbili, mtawanyiko hushuka mara 16. Katika silika, kwenye mikrometa 1, ni chini ya desibeli 1 kwa kilomita.

Wa tatu ni wageni: chuma, shaba, kromi, manganisi, nikeli, vanadi na ndugu zao. Kama wale wawili wa kwanza wanachukua desibeli chache tu, basi mamia yaliyobaki ni ya hawa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Kwa nini metali hizi hasa? Kila moja ina elektroni za nje ambazo hazijajaza nafasi zake. Ioni ya chuma inapokaa ndani ya kioo imezungukwa na oksijeni, na oksijeni hizo huzisukuma nafasi za elektroni, nyingine zikapanda kidogo na nyingine zikashuka. Pengo linalotokea kati yake linalingana na nishati ya mwanga unaoonekana, au ule ulio chini kidogo ya mwekundu. Mwanga wa rangi hiyo ukipita, elektroni inauchukua na kuruka. Joto kidogo linabaki, mwanga haupo tena.

Hapa kuna jambo ambalo nadhani husahaulika sana. Kujua kwamba kuna chuma hakutoshi. Lazima ujue kiko katika hali gani. Chuma kilichopoteza elektroni mbili hufyonza mwanga kwenye mlima mpana ambao kilele chake kiko karibu na nanomita 1,100, na mteremko wake unaingia hadi kwenye mwekundu. Kilichopoteza elektroni tatu hufyonza karibu na nanomita 400, kwenye urujuani. Mmoja anakula mwekundu, mwingine anakula urujuani, na kinachoponea katikati ni kijani. Ule ukingo wa kioo cha dirisha umekwisha kukusimulia haya yote. Namba zinazotumika katika fani hii zinasema sehemu moja tu katika bilioni ya chuma cha hali ya kwanza, gramu moja katika tani elfu, huchukua karibu desibeli 0.7 kwa kilomita pale kileleni pake. Shaba, karibu na nanomita 850, huchukua kama desibeli 1.1. Kromi ni kali zaidi.

Ukizichukua namba hizo na kuzirudisha kwenye dai la mwaka 1966, utaona kitu. Sehemu moja katika milioni ya chuma cha hali ya kwanza, pale kwenye nanomita 1,100, ingekula karibu desibeli 700 kwa kilomita. Basi Kao alikosea? Hapana. Alisimama kwenye mikrometa 0.6, bondeni kati ya vilele viwili vya chuma, na pale dai lake linasimama. Lakini dai hilo lilikuwa la bonde lile tu. Waliokuja baadaye wakitaka mawimbi marefu zaidi walijikuta wanahitaji usafi mkubwa kuliko ule mara elfu.

Neno moja kuhusu macho yetu. Watengeneza kioo wa karne nyingi walijua kuondoa kijani kwa kutia manganisi kidogo, na wakaiita sabuni ya kioo. Sehemu ya kazi ya sabuni hiyo ni kukibadilisha chuma kutoka hali ya kwanza kwenda ya pili, lakini sehemu nyingine ni kuongeza zambarau hafifu inayoifuta kijani machoni. Kioo kinaonekana cheupe zaidi, huku kwa kweli kinapitisha mwanga kidogo zaidi, kwa sababu sasa kila rangi inaliwa kwa usawa. Kwa hiyo jicho si shahidi. Aliyetaka kujua ukweli ilimbidi apime.

Kupima kitu kidogo kuliko kosa la kipimo

Sehemu hii ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote, na mara nyingi masimulizi huiruka.

Tuseme una fimbo ya silika ya sentimita 20 na unashuku kwamba inapoteza desibeli 20 kwa kilomita. Ndani ya fimbo hiyo zitapotea desibeli 0.004, yaani chini ya sehemu moja ya elfu ya mwanga. Wakati huohuo, kila uso wa fimbo unarudisha nyuma karibu asilimia 3.5 ya mwanga unaoufikia, kuingia na kutoka. Nyuso mbili: asilimia 7. Unachokitafuta ni kidogo zaidi ya mara 70 kuliko hasara inayotokea mlangoni. Alama ya kidole kwenye uso mmoja, au ung'arishaji uliotofautiana kidogo, unatosha kukifunika kabisa.

Njia waliyoifuata Kao na M. W. Jones ni kuacha kupima fimbo moja. Unachukua fimbo mbili za kioo kilekile, moja ndefu na nyingine fupi, nyuso zake zimeng'arishwa kwa namna ileile. Mwale mmoja wa mwanga unagawanywa, nusu inapita kwenye ndefu, nusu kwenye fupi, kisha unalinganisha. Hasara za nyuso zinafanana, kwa hiyo zinafutana. Kinachobaki ni hasara ya ule urefu wa ziada tu. Ukisema ni rahisi, kumbuka kwamba tofauti kati ya nyuso zote nne lazima iwe chini ya sehemu moja ya elfu, na zibaki safi wakati wote wa kupima.

Mwaka 1969 walitoa majibu. Kipande cha silika iliyoyeyushwa, karibu na nanomita 850, kilipoteza takriban desibeli 5 tu kwa kilomita. Si uzi bado, ni kipande cha kioo, lakini mjadala wa mshukiwa wa kwanza ulifungwa siku hiyo. Kioo hakina asili ya kula mwanga kwa mamia ya desibeli. Kama nyuzi za wakati ule zilikula, zilikula kwa sababu ya kilichochanganyika nazo.

Masizi meupe

Kujua mwizi ni jambo moja, kumtoa ni jingine. Njia iliyoonekana ya kawaida ilikuwa kuchukua vioo vinavyoyeyuka kwa joto la wastani, vile vyenye soda na boroni, na kusafisha unga wake kabla ya kuuyeyusha. Wapo waliofanya hivyo kwa miaka mingi na kwa uhodari mkubwa. Nyuzi zao zilishuka hadi chini ya desibeli 10 kwa kilomita. Lakini kila kitu katika njia hiyo kinagusa kioo: unga unagusa chombo, kioo kilichoyeyuka kinagusa chungu, chungu kinatoa chembe zake. Unapofukuza sehemu katika bilioni, kila mguso ni hatari.

Pale Corning, kampuni ya kioo ya Marekani, Robert Maurer, Donald Keck na Peter Schultz walishika njia ambayo wengi wangeiona ya ukaidi. Walichagua silika tupu, ambayo inahitaji joto la karibu sentigredi 2,000 ili ivutwe kuwa uzi, na ambayo inapinda mwanga kidogo kuliko karibu vioo vingine vyote, jambo linaloleta taabu kwa sababu kiini cha uzi lazima kipinde mwanga zaidi ya ganda lake. Waliichagua kwa sababu moja: tayari kulikuwa na namna ya kuitengeneza bila kugusa mchanga wala chungu. Katika miaka ya 1930 mkemia wa kampuni hiyohiyo, Franklin Hyde, alikuwa ametengeneza silika safi kwa kuingiza mvuke wa kloridi ya silikoni ndani ya moto.

Usafi wa njia hii unatokana na kuchemka. Kloridi ya silikoni ni kimiminika kinachochemka kwenye sentigredi 58 hivi. Kloridi ya chuma huhitaji zaidi ya 300. Ukipasha chombo taratibu, silikoni inapanda kama mvuke na chuma kinabaki chini. Metali nyingine nyingi ni hivyohivyo. Hapana uchujaji, hapana mkono. Tofauti ya joto la kuchemka inafanya kazi ambayo hakuna tanuri la mchanga lingeiweza. Kisha mvuke unaingia kwenye ndimi za moto na kutoka kama masizi, lakini masizi meupe pe, mepesi, yanayotua juu ya fimbo inayozunguka na kujijenga tabaka juu ya tabaka kama chaki laini. Ukilipasha joto tena, gogo hilo jeupe linasinyaa, linafunga vitundu vyake, na kuwa kioo angavu.

Sasa ikabidi watie uchafu kwa makusudi, ili kiini kipinde mwanga zaidi. Walichagua titani. Hapo kisa kinaingia kona yake ya kwanza. Titani yenye oksijeni kamili haina rangi. Lakini kwenye joto kali la kuvuta uzi sehemu yake hupoteza oksijeni, ioni inabaki na elektroni moja ya ziada, na elektroni hiyo inafanya yaleyale ya chuma: inakula mwanga. Kitu walichokitia ili kuusaidia uzi kiligeuka kuwa mwizi ndani ya tanuri. Dawa yake ilikuwa kuupasha uzi tena, sentigredi 800 hadi 1,000, ili oksijeni irudi. Ilifanya kazi. Mwaka 1970 walipima desibeli 17 kwa kilomita kwenye mwanga mwekundu wa nanomita 633, na mstari wa Kao ulikuwa umevukwa. Ila kupashwa huko kuliufanya uzi kuwa dhaifu, wa kuvunjika ovyo.

Walihama haraka. Mwaka 1972 titani iliachwa na gerimani ikashika nafasi yake, kwa sababu oksidi yake haileti tabu hiyo na kloridi yake nayo huchemka kwenye joto la chini, kama 84, kwa hiyo husafishwa kwa njia ileile. Upotevu ukashuka hadi desibeli 4.

Maji

Metali zikiwa zimeondoka, upotevu uliobaki kwenye mwekundu ulikuwa kwa sehemu kubwa mtawanyiko, na mtawanyiko hupungua mawimbi yakirefuka. Basi kila mtu alitaka kwenda kwenye mawimbi marefu: 1,000, 1,300, 1,500. Walipofika huko walimkuta mgeni mwingine amekaa.

Tazama jinsi masizi yale yanavyozaliwa. Moto ni wa hidrojeni na oksijeni, na zao lake ni maji. Tena maji hayo hayapiti tu. Ndiyo yanayokutana na kloridi ya silikoni na kuigeuza silika. Kwa hiyo njia iliyofukuza chuma inapikia kioo ndani ya mvuke wa maji. Silika iliyotengenezwa hivyo inaweza kubaki na sehemu kama 1,000 katika milioni za hidroksili, yaani oksijeni na hidrojeni zilizoshikana na kufungwa ndani ya kioo. Kwenye nanomita 633 karibu haionekani. Ndiyo maana mwaka 1970 haikuwasumbua.

Hidrojeni ni nyepesi kuliko atomu zote, na kitu chepesi kilichofungwa kwenye kamba ngumu hutikisika upesi. Hidroksili ndani ya silika hutikisika kwa kipimo kinachofyonza mwanga wa mikrometa 2.73, karibu zaidi na eneo letu kuliko ile 9 ya silikoni. Na kama uzi wa gitaa unavyotoa sauti ya juu pamoja na sauti yake ya msingi, mtikisiko huo una mwangwi wake karibu na nusu ya urefu huo wa wimbi, kwenye nanomita 1,383, na mwingine karibu na 950. Ukijichanganya na mtikisiko wa silika yenyewe, unaongeza mlima mdogo karibu na 1,240. Sehemu moja katika milioni ya hidroksili inatosha kula makumi ya desibeli, kati ya 40 na 60 hivi kwa kila kilomita, pale kwenye 1,383.

Mtu aliyewahi kuona mchoro wa upotevu wa nyuzi za zamani anaukumbuka mlima huo. Mstari unashuka taratibu kutoka kushoto, mtawanyiko ukipungua, halafu ghafla unapanda kama kichuguu katikati ya uwanda, halafu unashuka tena. Yale yanayoitwa madirisha ya mawasiliano, 1,310 upande huu na 1,550 upande ule, yamekaa pembeni mwa kichuguu hicho. Zipo sababu nyingine za kuyachagua, lakini maji yalichora mpaka kati yake.

Kuyatoa kulifanyika kwa njia mbili. Bell Labs, maabara za kampuni ya simu ya Marekani AT&T, ambako John MacChesney alikuwa mmoja wa waliotangulia, walijenga kioo ndani ya bomba la silika: mvuke wa kloridi na oksijeni kavu unapita ndani, moto unabaki nje, hivyo maji ya moto hayakigusi kiini. Njia ya pili, iliyotumika kwa masizi, naiona ya kupendeza zaidi. Gogo la masizi kabla ya kufungwa ni la vitundu tupu. Gesi inaweza kupita katikati yake hadi kiinini. Basi linapashwa joto karibu sentigredi 1,000 na kupitishiwa klorini. Klorini inaikamata hidrojeni na kuondoka nayo kama gesi, na ikikuta chembe ya metali iliyosalia inaibeba pia kama kloridi. Baada ya hapo ndipo joto linapandishwa na vitundu kufungwa. Wakati ni kila kitu. Ukifunga mapema, maji yamefungiwa ndani, na hakuna klorini itakayoyafikia tena.

Mwaka 1979 watafiti wa NTT, shirika la simu la Japani, walitangaza uzi wenye desibeli 0.2 kwa kilomita kwenye nanomita 1,550. Rudi kwenye ile asilimia 1. Katika nyuzi za madaktari ilifika mita 20. Katika dai la Kao, kilomita 1. Katika uzi huu, kilomita 100. Na hapo karibu desibeli 0.14 kati ya zile 0.2 ni mtawanyiko, ambao hakuna usafishaji utakaoutoa. Uchafu ulikuwa umekaribia kwisha kuwa na sauti kwenye wimbi lile. Kao alipewa nusu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2009.

Mgeni anayeingia baada ya mlango kufungwa

Kwenye 1,383 mambo hayakuishia hapo. Ili kichuguu kishuke chini ya desibeli 0.1, hidroksili lazima iwe sehemu moja au mbili tu katika bilioni. Viwanda vilifika huko. Lakini katika miaka ya 1980 ilionekana kwamba uzi uliotoka kiwandani safi unaweza kuchafuka ukiwa tayari umelazwa ndani ya mkongo. Hidrojeni hutoka kwenye metali inayopata kutu au kwenye plastiki za mkongo wenyewe, na kwa udogo wake hupenya kioo. Ikikaa tu humo kama gesi, huleta mlima karibu na 1,240, na ikiondoka mlima nao huondoka. Ikikuta mahali ambapo muundo wa silika una kasoro, oksijeni isiyo na mwenza, inaungana nayo. Hapo imezaliwa hidroksili mpya, na hiyo haiondoki.

Kasoro hizo huzaliwa wakati wa kuvuta uzi, na si rahisi kuzimaliza zote. Baadhi ya viwanda vikaamua kuzijaza mapema. Uzi unawekwa ndani ya gesi ya deuteri, ambayo ni hidrojeni yenye uzito mara mbili. Deuteri inapenya, inashika zile oksijeni zisizo na mwenza, na kukaa hapo daima. Kwa kuwa ni nzito, inatikisika polepole zaidi, na mlima wake unahamia karibu na nanomita 1,870, nje kabisa ya eneo linalotumika. Nafasi imekaliwa, na hidrojeni ikija baadaye haina pa kukaa.

Leo uzi wa daraja la G.652.D, kwa kanuni za shirika la kimataifa la mawasiliano ITU, haupimwi kwenye 1,383 ukiwa mpya tu. Kwanza sampuli yake inaachwa ndani ya hidrojeni kwa makusudi hadi imalize kuchafuka, kisha ndipo inapimwa.